Rahisi, kawaida, ngumu, au gemu iamue yenyewe: uweke kiwango gani?

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, huwa hawana kazi usiku. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikitanda majini taa haivuti kitu. Wiki hiyo mitumbwi hulala ufukweni, nyavu hushonwa, na ikifika jioni vijana hupanda huku Mwanga kutafuta pa kupotezea muda. Hapo ndipo banda langu la gemu hujaa: televisheni tatu, PlayStation za rika tofauti, mabenchi mawili, na daftari la kuandikia nani kalipa na nani anadaiwa.

Miaka yote niliyokaa nyuma ya daftari hilo, swali linalowakwamisha watu si "tucheze nini". Gemu wanazijua. Wanakwama kwenye ukurasa unaofuata, pale mashine inapouliza unataka rahisi, kawaida au ngumu.

Mvuvi mmoja, mtu mzima, aliniambia, "Weka ngumu, mdogo wangu. Mimi nimepambana na mawimbi, sembuse katuni." Nikaweka. Kufika mapumziko ameshapigwa saba. Aliweka pedi mezani taratibu kama anaweka yai, akalipa, akashuka zake Kibirizi. Benchi la pili siku hiyohiyo alikaa mwanafunzi aliyeweka rahisi. Alishinda 11–0, akashinda 9–0, na mechi ya tatu akaanza kuchungulia simu mpira ukiwa kwenye kona. Wote wawili walilipa bei moja, na kwa maoni yangu wote wawili waliliwa.

Haya hapa chini ndiyo ninayowaeleza watu kwa mdomo karibu kila siku. Kiwango kinachomfaa kila mtu hakipo. Kuna kinachokufaa wewe, kwenye gemu ile, kwa hela na muda ulionao jioni hiyo.

Maswali manne ya kupimia

La kwanza: kitufe kile kinageuza nini hasa? "Ngumu" ni kibandiko tu. Chini yake kunaweza kuwa na mwendo wa adui, ukubwa wa jeraha, idadi ya risasi, au upendeleo wa wazi kwa kompyuta.

La pili: ukishindwa unalipa nini? Nyumbani unalipa dakika chache. Bandani unalipa shilingi. Kwenye gemu inayosevu kwa nadra unalipa saa nzima, na luku ikiisha kabla hujafika mahali pa kusevu, unalipa jioni yote.

La tatu: kiwango hicho kinakufundisha kitu, au kinakuzoesha vibaya?

La nne: ukigundua umekosea, unaweza kubadili katikati ya safari, au lazima uanze upya?

Swali la heshima, yaani "watanionaje", nimeliacha makusudi. Bandani ndilo la kwanza kuulizwa, na ndilo linalomaliza hela za watu.

Ngumu ya mpira si ngumu ya bunduki

Kabla ya kulinganisha, tuelewane hapa, maana watu wengi huhamisha kiwango kutoka gemu moja kwenda nyingine kama wanahamisha godoro.

Kwenye mpira, chukua EA Sports FC, ile iliyoitwa FIFA hadi mwaka 2023. Ina ngazi saba: Beginner, Amateur, Semi-Pro, Professional, World Class, Legendary na Ultimate. Unapopanda, kompyuta inakubana mapema zaidi na inapoteza mpira mara chache zaidi. Ulichopunguziwa hasa ni muda wa kufikiri. Kule chini unapokea mpira, unatazama, unachagua. Kule juu ukipokea bila kujua unampa nani, umeshanyang'anywa.

Kwenye bunduki kipimo ni damu, yaani uhai uliobaki nao. Doom ya mwaka 1993 ilikuwa na ngazi tano, na kwenye ile ya chini kabisa majeraha yako yalikatwa nusu, huku risasi unazookota zikiongezwa mara mbili. Kwenye ile ya juu kabisa maadui wanakwenda kasi na uliokwisha kuwaua wanafufuka. Gemu za vita za Call of Duty nazo zina ngazi nne zinazojulikana, Recruit, Regular, Hardened na Veteran, na ukifika Veteran risasi chache tu zinakulaza. Adui ni yuleyule. Kilichobadilika ni bei ya kosa lako.

Gemu za mikakati ndizo zinazonichekesha. Civilization VI ina ngazi nane, na ya nne, Prince, ndiyo uwanja ulio sawa. Ukipanda juu ya hapo, usidhani kompyuta imeongezewa akili. Imeongezewa mali. Kwenye ngazi ya mwisho, Deity, kila mpinzani anaanza na walowezi watatu wakati wewe unaanza na mmoja. Ni kama kucheza bao na mtu anayechomoa kete mfukoni. Unaweza kumshinda, lakini ujue unachocheza nacho.

Mbio za magari ni rahisi kueleza: Mario Kart inakupa 50cc, 100cc na 150cc, na mwaka 2015 Mario Kart 8 ikaongezewa 200cc. Namba ikipanda, kasi inapanda kwa wote, na wewe umo. Kwenye 200cc watu waliokuwa wakikanyaga mafuta tu tangu utotoni walilazimika kujifunza breki.

Na Minecraft, gemu ya kujenga dunia yako na kuishi humo, ina kipimo ambacho mtu wa Kigoma anakielewa bila kufundishwa, yaani njaa. Kwenye kiwango cha amani hushikwi na njaa na mazimwi ya usiku hayatokei. Kwenye rahisi, ukikaa na njaa damu inashuka hadi mioyo mitano kati ya kumi, kisha inasimama. Kwenye kawaida inashuka hadi nusu moyo. Kwenye ngumu njaa inaua.

Sasa tulinganishe.

RAHISI

*Kinachogeuka.* Msamaha unaongezeka. Unajeruhiwa kidogo, unapewa muda, adui anakosea kwa makusudi. Ukicheza chesi na kompyuta kwenye Lichess, ngazi ya kwanza kati ya nane ni programu kali sana ya Stockfish iliyofungwa mikono. Inajua hatua nzuri, ila imeamriwa isiicheze kila mara.

*Ukishindwa.* Hushindwi sana, kwa hiyo hela na muda viko salama. Gharama ya rahisi inakuja kwa mlango wa nyuma, nayo ni kuchoka. Mwanafunzi wangu wa 11–0 alilipa mechi tatu ambazo jioni hiyohiyo hakumbuki hata moja.

*Inachokufundisha.* Hapa ndipo aina ya gemu inapoamua. Wazee wetu walilijua hili kabla ya umeme. Kuna bao la kujifunza na kuna bao la kiswahili, kete ni zilezile 64, mashimo ni yaleyale. Kwenye bao la kujifunza unaanza na kete mbili kila shimo, hakuna kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, unaingia moja kwa moja kwenye mtaji, yaani kucheza na zilizo ubaoni. Kwenye bao la kiswahili kila mmoja anashika kete 22 mkononi na kuna nyumba ya kulinda. Hakuna aliyemcheka mtu kwa kuanzia la kujifunza, kwa sababu mkono unaozoea pale ndio utakaotumika kule.

Rahisi ya gemu za hadithi inafanana na hiyo. Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, hajawahi kushika pedi hadi alipoona wajomba zake wakicheza God of War ya mwaka 2018. Kilichomvuta ni yule baba na mwanawe wanaosafiri na majivu ya mama. Alikuwa anakuja usiku nikishafunga banda, akaweka kiwango cha chini kabisa, ambacho gemu yenyewe inakiita Give Me a Story, yaani nipe hadithi. Vijana walimcheka wiki mbili. Lakini katika watu wote wanaokuja hapa, ndiye pekee aliyefika mwisho.

Rahisi ya mpira na ya kupigana ni kitu kingine. Kwenye mpira, ukicheza Beginner muda mrefu unajifunza kumpa winga mpira akimbie nao kutoka goli hadi goli, maana hakuna wa kumzuia. Hiyo tabia ikikomaa inakuwa ulemavu. Siku ukikutana na binadamu mwenye mabeki macho, huna pasi hata moja kichwani. Kwenye Tekken 3 ni hivyohivyo: kompyuta iliyolegea inakuzoesha kubonyeza kitufe kimoja cha teke kama mtu anayeita lifti.

*Kubadili nia.* Gemu nyingi zinakuruhusu kupanda wakati wowote.

*Inamfaa nani.* Anayeshika pedi kwa mara ya kwanza, anayetaka hadithi, anayecheza na mtoto begani, na yeyote mwenye mkono au macho yasiyotii. Hapa niongeze kitu. Siku hizi baadhi ya gemu hazikulazimishi kuchagua rahisi nzima. Celeste ya mwaka 2018 inakuruhusu kupunguza kasi ya gemu yenyewe ukabaki na ugumu mwingine wote. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 imegawa ugumu mafungu matano: wewe mwenyewe, maadui, wenzako, kujificha, na vifaa unavyookota. Nina mteja ambaye kidole cha shahada kilikatwa na kamba ya nyavu. Akili yake ni kali kuliko yangu ila kidole hakifiki kwenye kitufe kwa wakati. Mtu kama huyo hahitaji adui mjinga, anahitaji nukta moja zaidi ya muda.

KAWAIDA

*Kinachogeuka.* Kwa nadharia, hakuna. Hii ndiyo gemu jinsi mtengenezaji alivyoipika, chumvi yake ndani.

Tatizo ni kwamba mtengenezaji alimpikia mtu fulani kichwani mwake, na mtu huyo amekuwa na pedi mkononi tangu ana miaka saba. Anajua bila kuambiwa kwamba kijiti cha kulia kinageuza macho na kwamba pipa jekundu litalipuka. Kama wewe si mtu huyo, kawaida kwako ni ngumu yenye jina la upole. Ndiyo maana yule mvuvi aliporudi mwezi uliofuata (alirudi, dagaa hawakumpa jibu) sikumwekea hata Professional, ambayo ndiyo ya katikati kwenye ngazi zile saba. Nilimwekea Semi-Pro bila kumwambia. Alifungwa 2–1, akasimama, akadai mechi nyingine.

*Ukishindwa.* Gharama ya kati. Unashindwa kiasi cha kukumbuka, hushindwi kiasi cha kurusha pedi. Kwa mwenye banda, nikiri tu, hiki ndicho kiwango chenye faida, kwa sababu mtu aliyefungwa 2–1 analipa tena, na aliyefungwa saba anakwenda kula migebuka.

*Inachokufundisha.* Lugha ya gemu. Kwenye Minecraft unajifunza kupanda ngano kwa sababu njaa inauma ila haiui. Kwenye mikakati unajifunza hesabu safi, kwa kuwa hakuna anayependelewa. Kwenye Civilization ningemwambia mtu akae Prince hadi aweze kueleza kwa nini alishinda, si kwamba alishinda tu.

*Kubadili nia.* Ndiyo sehemu nzuri zaidi ya kusimama, maana unaweza kwenda pande zote mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye uzoefu na gemu za aina hiyo ila si gemu hiyo. Na yule ambaye kwa kweli hajui achague nini, mradi akubali kushuka ngazi moja bila aibu baada ya kushindwa mara tatu mfululizo mahali pamoja.

NGUMU

*Kinachogeuka.* Kuna ngumu mbili, na kuzitofautisha kutakuokolea hela. Ya kwanza inamfanya adui awe mjanja au inakunyima msamaha, hivyo ile njia uliyozoea inakufa na unalazimika kutafuta nyingine. Ya pili inamnenepesha adui tu. Aliyekuwa anakufa kwa mapigo kumi sasa anakufa kwa arobaini, na wewe unafanya jambo lilelile mara nne kama mtu anayetwanga kisamvu. Njia ya kuzijua ni kujiuliza dakika kumi za mwanzo: nimefanya jambo jipya, au jambo lile la zamani kwa muda mrefu?

Veteran ya Call of Duty ni ya aina ya kwanza. Huwezi kukimbia katikati ya barabara tena, kwa hiyo unajifunza kuta, madirisha na pembe. Minecraft ngumu pia. Kwenye gemu za kupigana ngumu ina sura yake: kompyuta ya Tekken 3 kwenye Ultra Hard haikusamehei kurudiarudia pigo moja, jambo ambalo ni zuri, ila inaitikia vidole vyako kwa wepesi ambao hakuna binadamu wa Gungu wala Ujiji anao. Ukijifunza kuishinda kompyuta, unajifunza kuishinda kompyuta. Halafu jirani yako anamchagua mpiganaji aitwaye Eddy Gordo, anabonyeza teke bila mpango wowote, na anakulaza chini. Nimeliona hili mara nyingi sana, na mshangao wa anayelazwa haujawahi kupungua.

Kwenye mpira hali ni tofauti kidogo. World Class na Legendary zinafundisha kweli: pasi ya haraka, kukaba bila kujitupa, kutulia ukiwa umebanwa. Ultimate mimi siipendi. Kompyuta inazungusha mpira hadi unasahau umelipia nini. Lakini kuna kijana wa Katubuka ambaye hachezi kingine chochote, na bandani hapa hajafungwa na binadamu kwa muda mrefu, kwa hiyo maoni yangu yachukue na chumvi.

*Ukishindwa.* Hapa gharama ni kubwa na inatofautiana sana. Bandani, mechi ya dakika chache ikiisha umelipa. Kwenye gemu ya hadithi unaweza kurudia chumba kimoja jioni nzima. Minecraft ina kiwango juu ya ngumu kinachoitwa Hardcore, ambako maisha ni moja: ukifa, dunia uliyojenga inabaki ya kuangalia tu, hurudi kuichezea. Na kwa sisi tunaotegemea memori kadi na luku, kuna ugumu ambao haumo kwenye menyu yoyote. Umeme ukikatika bosi wa mwisho, yaani adui mkuu, akiwa na damu kidogo, unarudi ulikosevu mara ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuweka ngumu, uliza gemu inasevu wapi. Kama inasevu kila baada ya chumba, jaribu. Kama inasevu pale tu utakapofika penyewe, subiri siku umeme umetulia.

*Inachokufundisha.* Ikiwa ni ile ngumu ya kwanza, inakufundisha zaidi ya viwango vingine vyote. Ikiwa ni ya kunenepesha, inakufundisha subira, na subira unaweza kuipata bure kwenye foleni ya maji.

*Kubadili nia.* Soma maandishi madogo. God of War ya 2018 ina viwango vinne, na ukianza na kile cha juu kabisa huwezi kukishusha katikati. Lazima uanze upya. Civilization nayo, ukishaanza mchezo, ngazi uliyochagua ndiyo utakayokufa nayo. Kinyume chake, Minecraft ya kawaida inakuruhusu kubadili hata usiku mazimwi yakiwa mlangoni, isipokuwa kama umejifungia mwenyewe.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kumaliza gemu hiyo mara moja. Anayejiandaa kwa mashindano ya mtaani ya mpira, ingawa kwa huyu bado nasema mechi mbili na binadamu zinazidi tano na kompyuta. Na mwenye gemu moja tu nyumbani ambaye anataka imdumu mwaka mzima, maana huyo ngumu kwake ni akiba.

GEMU IAMUE YENYEWE

Kuna gemu hazikuulizi chochote. Watu huzifikiria kama kundi moja, na si kundi moja.

*Kinachogeuka.* Kwenye baadhi, hakuna. GTA San Andreas ya mwaka 2004, ambayo hadi leo ndiyo inayochosha diski zangu za PlayStation 2 kuliko zote, haina rahisi wala ngumu. Misheni ni ile, kwa kila mtu. Elden Ring ya mwaka 2022 nayo haina. Lakini angalia: Elden Ring inakuachia dunia wazi, kwa hiyo bosi akikushinda unaweza kumwacha, ukaenda kwingine ukaongeza nguvu, ukarudi umevimba, au ukaita roho za kukusaidia. Ugumu unaubadilisha kwa miguu.

Kwenye nyingine gemu inakupima kimyakimya. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ni mfano mashuhuri. Kwenye kiwango cha kawaida inakuangalia: ukifa mara kwa mara inapunguza ukali na kukuachia risasi zaidi, ukifanya vizuri inakaza. Kiwango chake cha juu, Professional, kinazima huruma hiyo kabisa. Wateja wangu walicheza miaka bila kujua, kila mmoja akiamini alipita kijiji cha mwanzo wa gemu kwa uanaume wake. Magari ya mbio nayo yana ujanja huo, kwani kwenye gemu nyingi ukitangulia sana walio nyuma wanapata mbawa, ukibaki nyuma wa mbele wanalegea. Ndiyo maana mbio nyingi huamuliwa kwenye kona ya mwisho hata kama uliendesha vizuri dakika nzima.

*Ukishindwa.* Kwa inayojirekebisha, kidogo. Kwa isiyobadilika, inategemea. San Andreas inakutaka uanze misheni upya, na kuna misheni za ndege ndogo ambazo zimewahi kumfukuza mtu bandani na kumrudisha kwa Mungu. GTA V ya mwaka 2013 ilijifunza. Ukishindwa sehemu moja mara tatu inakupa nafasi ya kuiruka.

Kwenye simu kuna gharama nyingine tena. Candy Crush haikupi kiwango cha ugumu, inakupa maisha matano, na kila moja likiisha linachukua nusu saa kurudi, au unalipia. Hapo ugumu na duka vinakaa nyumba moja. Sisemi usicheze. Nasema ukikwama hatua moja siku tatu, usidhani ni ujinga wako, na funga pochi kwanza.

*Inachokufundisha.* Zisizobadilika zinafundisha vizuri ajabu, kwa sababu wote mmepita tundu lilelile la sindano na mnaweza kuelekezana. Bandani kwangu mtu akikwama San Andreas, benchi zima linageuka walimu. Zinazojirekebisha hazikupi hilo, maana gemu yako si gemu yangu.

*Kubadili nia.* Rasmi, hakuna. Kwa njia ya panya, ipo: kwenye San Andreas kuna mfuatano wa vitufe unaojaza damu, kinga na dola 250,000 kwa mpigo. Nimeuandika nyuma ya daftari la madeni, kwa sababu nilichoka kuulizwa. Wengine wanaona ni wizi. Mimi naona ni kitufe cha rahisi kilichosahauliwa kwenye menyu.

*Inamfaa nani.* Isiyobadilika inamfaa anayecheza katikati ya watu. Inayojirekebisha inamfaa anayecheza peke yake na hataki kufikiria mipangilio.

Sasa, kwa hali yako

Una hela ya mechi mbili tu: shuka ngazi moja chini ya ile unayojisifia. Ukishinda kwa tofauti ya matatu au zaidi, ya pili panda.

Unacheza kwa vipindi, kama wavuvi wangu, wiki moja kwa mwezi: vidole husahau. Anza kila kipindi ngazi moja chini ya ulikoishia, cheza mechi mbili, kisha rudi ulipokuwa. Na usichague gemu yenye kufuli la God of War la juu, kwa sababu ukirudi baada ya wiki tatu utakuwa mgeni kwenye vita ulivyoanzisha mwenyewe.

Unataka hadithi na kesho una kazi: rahisi, na usimweleze mtu.

Unajifunza mpira au kupigana ili uwashinde watu: usikae chini ya kawaida zaidi ya siku mbili tatu. Ukifika ngazi ambako unashinda mara moja kati ya tatu, kaa hapo.

Mmekaa ndugu wawili, mmoja mzoefu na mwingine mchanga, mnacheza ninyi kwa ninyi: kiwango cha ugumu hakitawasaidia sana, kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Sawazisheni kwa timu. Mzoefu achukue timu ya nyota mbili, mdogo achukue ya nyota tano. Kama bado anapigwa, kaka mtu acheze bila kitufe cha kukimbia, mechi itanoga. Au kaeni upande mmoja, mcheze pamoja dhidi ya kompyuta ngazi ya mzoefu ikiwa imepunguzwa moja.

Umeme wa kwako haueleweki: chagua kwanza gemu za mechi fupi, mpira, kupigana, mbio, na hapo weka ngumu utakavyo. Gemu ndefu zicheze kawaida au rahisi, ili upite haraka kutoka pa kusevu hadi pa kusevu.

Una safari ya treni kutoka hapa hadi Tabora, na simu tu: chesi dhidi ya kompyuta haihitaji bando kama umeshapakua programu, na skrini tulivu hailambi chaji kama gemu za magari. Anzia ngazi ya tatu ya Stockfish kama unajua namna kete zinavyotembea. Ukiona inafanya vizuri hatua kumi kisha inakupa malkia bure, hiyo ndiyo mikono iliyofungwa niliyoisema, panda moja. Ukifungwa mara mbili kabla ya Uvinza, shuka moja, bado una safari ndefu.